Sufuri ya Kipimajoto: Kinachowakwamisha Wasafiri wa Ng'ambo Wakati wa Theluji

Tarehe 2 Desemba 2023 uwanja wa ndege wa Munich, kusini mwa Ujerumani, ulifungwa. Theluji ilikuwa imeanguka usiku kucha ikazidi sentimita 40, na sababu ya kufunga ilionekana kwa macho. Kilichowachanganya abiria ni kilichotokea siku tatu baadaye. Tarehe 5, theluji kubwa ikiwa imekwisha kupita, uwanja ulisimamisha tena safari mpaka adhuhuri. Mara hii ilinyesha mvua. Kwa macho ilikuwa mvua kama mvua nyingine, ila kila tone liliganda papo hapo lilipogusa ardhi, bawa la ndege au ngazi ya abiria.

Sasa tazama Yakutsk, mashariki mwa Siberia. Wastani wa halijoto ya Januari huko unakaribia nyuzi 40 chini ya sufuri, na bado ndege hutua na kuruka majira yote ya baridi. Mtu anayepanga safari ya kwanza kwenda nchi za theluji huogopa namba za namna hiyo. Anauliza, "Huko baridi inafika ngapi?" Swali hilo lina maana, lakini linamwelekeza mahali pasipo na matatizo mengi. Safari huvurugika zaidi pale halijoto inapochezacheza karibu na sufuri: mbili juu asubuhi, moja chini jioni, nne chini usiku. Jambo hilo moja linaeleza mengi, kuanzia ndege iliyokwama na treni iliyozima hadi simu iliyokata na mguu ulioteleza mbele ya hoteli.

Kwanza theluji yenyewe. Kwenye nyuzi 20 chini ya sufuri ni kavu kama unga. Haishikamani, ukiikung'uta kwenye koti inaondoka yote, na ukiikanyaga inalia kwa mlio mkali huku mguu ukishika. Karibu na sufuri theluji hiyo hiyo ina maji ndani yake. Inakuwa nzito, inanata kwenye nyaya za umeme na matawi, inalowesha nguo, inayeyuka mchana na usiku inageuka kioo. Barafu nayo ina tabia yake. Molekuli za uso wake hazijashikiliwa kwa nguvu kama zile za ndani, kwa hiyo juu yake pana utando mwembamba mno unaotembea karibu kama maji. Kadiri barafu inavyokuwa na joto zaidi ndivyo utando huo unavyonenepa. Katika baridi kali sana utando unakaribia kutoweka, na theluji inaukwaruza mguu kama mchanga.

Mvua inayoganda, ile iliyoufunga uwanja wa Munich mara ya pili, ina njia yake ya kuzaliwa. Theluji inaanguka kutoka wingu la juu, inapita kwenye tabaka la hewa yenye joto na kuyeyuka kuwa matone. Matone hayo yanaingia tabaka jembamba la hewa ya baridi lililolala juu ya ardhi, lakini hayapati muda wa kuganda tena angani. Yanabaki maji ingawa yako chini ya sufuri, yakisubiri kitu cha kugusa. Januari 1998 mvua ya aina hiyo ilinyesha kwa siku kadhaa katika jimbo la Quebec, Kanada. Uzito wa barafu uliangusha minara ya chuma ya umeme, na mamilioni ya watu wakabaki gizani katikati ya majira ya baridi. Moscow nayo ilionja hali hiyo mwishoni mwa Desemba 2010, uwanja wa Domodedovo ulipokatikiwa umeme huku abiria wakiwa wamejaa ndani.

Uthibitisho bora zaidi wa habari hii ya sufuri uko kwenye jedwali ambalo abiria hawalioni. Tangu tarehe 4 Novemba 2021, viwanja vya ndege vinavyofuata taratibu za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, huwapa marubani hali ya njia ya kurukia kwa namba kuanzia 6 hadi 0. Njia hugawanywa katika theluthi tatu na kila theluthi hupewa namba yake. Sita maana yake njia ni kavu. Sufuri maana yake breki hazitegemeki, na ndege haitakiwi kutua hapo. Lenye kushangaza liko katikati. Theluji iliyoshindiliwa ikawa ngumu hupewa 4 kama hewa iko nyuzi 15 chini ya sufuri au baridi zaidi ya hapo. Theluji hiyo hiyo iliyoshindiliwa, hewa ikiwa na joto kuliko hapo, hushuka hadi 3. Barafu hupewa 1. Barafu yenye maji juu yake, yaani barafu iliyoanza kuyeyuka, ndiyo inayopewa sufuri. Kwa hiyo wataalamu wenyewe wameandika kwamba baridi kali inaifanya njia ishike vizuri zaidi, na kwamba chini kabisa ya jedwali wameweka hali inayopatikana pale tu halijoto inapogusa sufuri.

Mabawa nayo yanataka maelezo ya kutosha, kwa kuwa ndiyo yanayowakera wasafiri kuliko kitu kingine. Umeshaketi, mkanda umefungwa, mlango umefungwa, halafu ndege inasimama pembeni na malori yenye mikono mirefu yanakuja kuimwagia majimaji. Dakika zinapita. Anayeunganisha ndege nyingine mbele anaitazama saa na moyo unamwenda mbio.

Bawa huinua ndege kwa sababu ya umbo lake laini. Sakitu, ule unga mweupe wa barafu, inatosha kuliharibu umbo hilo hata ikiwa nyembamba: uso wa bawa ukiwa na mkwaruzo kama wa msasa, nguvu ya kuinua inaweza kupungua kwa asilimia 30 na ukinzani wa hewa ukaongezeka kwa asilimia 40. Ndiyo maana sheria ya urubani haina huruma hapa. Bawa lazima liwe safi kabisa. "Karibu safi" haikubaliki.

Majimaji yanayomwagwa ni ya aina mbili kuu. Yale ya rangi ya machungwa ni mchanganyiko wa glaikoli, kemikali inayozuia maji yasigande, na maji yaliyopashwa moto, na kazi yake ni kuyeyusha na kuondoa kilichokwisha kuganda. Yale ya kijani ni mazito. Yanakaa juu ya bawa kama blanketi na kuizuia theluji mpya isishike, kisha upepo wa mbio za kuruka unayachuna yote kabla ndege haijaacha ardhi. Blanketi hilo lina muda wake. Rubani ana jedwali linalomwambia, kwa halijoto hii na theluji ya kiasi hiki, ana dakika ngapi. Zikiisha akiwa bado kwenye foleni, anarudi kumwagiwa upya, hata kama mbele yake imebaki ndege moja. Kwa mvua inayoganda ya wastani au kubwa, jedwali hilo halina dakika hata moja. Hakuna anayeruka.

Ukali huo umetokana na vifo. Tarehe 13 Januari 1982 ndege ya Air Florida, safari namba 90, iliondoka Washington kukiwa na theluji na halijoto ya nyuzi kama 4 chini ya sufuri. Ilikuwa imemwagiwa majimaji, lakini zikapita dakika 49 kabla ya kuruka, na mfumo wa kuzuia barafu kwenye injini haukuwashwa. Ndege iligonga daraja na kutumbukia katika mto Potomac. Watu 78 walikufa, wanne kati yao wakiwa darajani ndani ya magari yao. Baadaye zikaja ajali ya Dryden, Kanada, mwaka 1989, na ya LaGuardia, New York, mwaka 1992, zote mbili za mabawa yenye barafu. Mimi hushukuru nikiona lori lile linakuja mara ya pili, na ningependa kila abiria ajue sababu.

Kwa nini basi safari ifutwe kule ambako jua linawaka? Kwa sababu ndege moja kwa siku hupita miji mitatu, minne au zaidi, na ile uliyotarajia kupanda huenda imekwama mji wa pili katika mzunguko huo. Marubani na wahudumu wana ukomo wa kisheria wa saa za kazi. Wakisubiri lori la majimaji kwa muda wa saa nne, ukomo unafika kabla ya safari yao ya mwisho, na badala yao hayupo kwa sababu naye amekwama kwingine. Mfano wa kutisha zaidi ni wa shirika la Southwest la Marekani, Desemba 2022. Dhoruba ilipita kwa siku chache, lakini mpango wa kuwapanga wafanyakazi ulikuwa umeshafumuka, na zaidi ya safari 16,000 zikafutwa kabla ya mwaka kwisha, nyingi katika miji yenye hewa tulivu. Mwaka uliofuata wizara ya uchukuzi ya nchi hiyo ilitangaza adhabu ya dola milioni 140.

Kwa hiyo unapochagua mahali pa kuunganisha ndege mwezi Januari, usitazame nauli peke yake. Helsinki, mji mkuu wa Finland, imezoea. Uwanja wake una mitambo ya kuondoa theluji, na watu waliofunzwa kwa ajili ya miezi mingi ya kazi hiyo kila mwaka. Miji inayopata theluji siku chache tu haiwezi kuhalalisha gharama ya mitambo mingi itakayolala ghalani karibu mwaka mzima. Desemba 2010 uwanja wa Heathrow wa London ulilemewa na theluji ya sentimita chache, na maelfu ya safari zikafutwa siku chache kabla ya Krismasi. London huelea karibu na sufuri wakati wa baridi. Kupata ndege ya asubuhi nako kunasaidia, maana ucheleweshaji hujilimbikiza kadiri siku inavyosonga, na ukikosa ya asubuhi bado una ya mchana. Dakika 50 za kubadilisha ndege zinatosha Julai. Januari jipe saa tatu.

Ukikwama, haki zako hutegemea ulipo. Umoja wa Ulaya una kanuni namba 261 ya mwaka 2004, inayomlinda kila anayeondoka katika uwanja wa nchi za Umoja huo kwa shirika lolote, na anayekwenda huko kwa shirika la Ulaya. Watu wengi wamesikia habari za fidia ya euro 250, 400 au 600, wakaja kuvunjika moyo waliposikia kwamba dhoruba ni tukio lisiloepukika na fidia haitolewi. Hilo ni kweli, lakini hapo ndipo wengi hukosea: wanaondoka mikono mitupu wakidhani haki zote zimekwisha. Fidia na huduma ni vitu viwili. Hata theluji ikiwa ndiyo sababu, shirika linapaswa kukupa chakula na vinywaji, hoteli ukilazimika kulala, usafiri wa kwenda hoteli hiyo, na nafasi ya kuwasiliana na watu wako. Pia unachagua kurudishiwa nauli au kupelekwa unakokwenda kwa njia nyingine. Januari 2013 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba wajibu huo wa huduma hauondoki hata anga nzima ikifungwa, katika kesi iliyotokana na majivu ya volkano ya Iceland ya 2010. Hoteli usipopewa, tafuta ya bei ya wastani, tunza risiti zote, kisha dai. Nchini Marekani hakuna sheria inayolilazimisha shirika kukulaza hotelini kwa sababu ya hali ya hewa, ila safari ikifutwa nawe ukaamua kutosafiri tena, nauli yako lazima irudi.

Mizigo ina mkataba wake, ule wa Montreal wa 1999. Begi lililochelewa linalalamikiwa kwa maandishi ndani ya siku 21 tangu ulipolipata, lililoharibika ndani ya siku 7. Wakati wa theluji mabegi huchelewa kuliko watu. Kwa sababu hiyo koti, glavu, kofia na buti visiingie kwenye begi la chini. Vaa au beba mkononi. Kufika kwenye nyuzi 5 chini ya sufuri ukiwa na shati huku koti limebaki mji mwingine ni shida inayoweza kuepukwa kabisa.

Kuna jambo ambalo miongozo mingi hulipita, nalo linamhusu kila mwenye pasipoti inayohitaji viza. Ndege ikifutwa mahali unapobadilishia, hoteli ya bure ina maana tu ikiwa unaruhusiwa kutoka nje ya uwanja. Asiye na viza ya kuingia nchi ile hulala kwenye viti vya eneo la kupitia. Kabla ya kulipa, angalia utabadilishia wapi na kama viza uliyonayo inakufungulia mlango huo. Kwa viza ya Schengen, yaani viza ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, acha siku kadhaa mwishoni. Usipange kuondoka siku ya mwisho kabisa ya ruhusa. Dhoruba ikikuzuia kuondoka, kanuni za viza za Schengen zinaruhusu kuongezewa muda bila malipo kwa sababu iliyo nje ya uwezo wako, lakini ni lazima uende kuomba kabla siku hazijaisha. Na ile bima ya angalau euro 30,000 inayodaiwa wakati wa kuomba viza ni ya matibabu na kusafirishwa mgonjwa au maiti. Usiku wa hoteli na tiketi iliyopotea ni bima nyingine, na hiyo hununuliwa kabla dhoruba haijatangazwa.

Treni wengi huiona kuwa kimbilio, na mara nyingi ni kweli. Lakini usiku wa kuamkia tarehe 19 Desemba 2009 treni tano za Eurostar zilizima ndani ya handaki linaloziunganisha Uingereza na Ufaransa, zikiwa na zaidi ya watu 2,000. Nje, kaskazini mwa Ufaransa, theluji ilikuwa laini kama unga. Ilipenya kwenye vichujio vya hewa vya injini na kujaa ndani bila kudhuru kitu, kwa sababu ilikuwa kavu. Treni zikaingia handakini, ambako hewa ni ya joto na unyevunyevu. Ile theluji ikayeyuka, mvuke ukatanda juu ya vyuma vilivyokuwa baridi, maji yakaingia kwenye mitambo ya umeme. Theluji iliyosafiri nao kilomita nyingi bila tatizo iliwazimia ilipovuka sufuri.

Tukio hilo hilo linatokea mfukoni mwako. Kamera iliyokaa nje kwa saa mbili ikiingizwa ghafla ndani ya mgahawa wenye joto hulowa maji nje na ndani, kama vile miwani inavyopata ukungu. Ifunge kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa ungali nje, iingize, na usiufungue kwa saa moja au mbili. Unyevu utatanda juu ya plastiki badala ya juu ya lenzi. Simu ina tatizo jingine pia. Ndani ya betri za lithiamu umeme unatembea kwa shida kwenye baridi, na simu inayoonyesha asilimia 40 inaweza kuzima mbele ya macho yako. Ikipata joto inarudi. Iweke mfuko wa ndani, karibu na mwili, na usiichaji ikiwa bado ya baridi, maana kuchaji chini ya sufuri huiumiza betri moja kwa moja. Pasi ya kupandia ndege na anwani ya hoteli viwe pia kwenye karatasi.

Mwili wenyewe hufuata kanuni ile ile, na hapa ushauri wa kawaida wa "vaa nguo nzito" unapotosha. Maji hupitisha joto mara 25 hivi kuliko hewa. Mtu mkavu kwenye nyuzi 15 chini ya sufuri yuko salama kuliko mtu aliyelowa kwenye nyuzi 2 juu ya sufuri penye upepo. Joto la ndani ya mwili likishuka chini ya nyuzi 35 hatari inaanza: kutetemeka, ulimi kuwa mzito, maamuzi ya ajabu. Watu wamefikia hali hiyo kwenye mvua ya baridi isiyo na theluji hata chembe. Kwa hiyo fikiria maji kabla ya kufikiria unene wa nguo. Kinachogusa ngozi kiwe sufu au kitambaa cha michezo kinachokauka haraka. Pamba hunywa jasho na kulishikilia, na ukisimama kituoni baada ya kukimbilia basi, jasho hilo ndilo linalokugeuka. Katikati vaa sweta au koti lililojaa hewa, nje vaa kitu kinachozuia upepo na maji. Fungua zipu kabla hujatoka jasho. Buti ziwe na nafasi ya kuchezesha vidole, kwa sababu soksi tatu ndani ya kiatu kinachobana hupunguza damu na kuongeza baridi. Pombe hupanua mishipa ya ngozi. Unahisi joto wakati joto linakutoka.

Upepo una hesabu yake. Nyuzi 10 chini ya sufuri na upepo wa kilomita 30 kwa saa vinaitesa ngozi iliyo wazi kama nyuzi 20 chini ya sufuri penye utulivu. Utabiri unapoandika namba mbili, ile ya pili ndiyo ya masikio na pua yako. Haihusu gari wala bomba la maji, kwani upepo hauwezi kukifanya kitu kuwa baridi kuliko hewa yenyewe.

Ndani ya nyumba shida inageuka. Hewa ya nyuzi 20 chini ya sufuri inaweza kubeba kama gramu moja tu ya mvuke kwa mita ya ujazo, na inapoingizwa ndani na kupashwa moto hadi nyuzi 20 inabaki na mvuke ule ule mchache, mahali ambapo gramu 17 zingetosha. Ndiyo maana midomo inapasuka, pua inatoka damu na ngozi inawasha. Kunywa maji hata kama huna kiu, na paka mafuta usiku.

Anayekusudia kuendesha gari ajue kwanza kwamba tairi ni suala la sheria. Mpira wa tairi la kawaida huanza kukakamaa chini ya nyuzi 7 juu ya sufuri, yaani kabla hata ya theluji. Quebec inalazimisha matairi ya majira ya baridi kuanzia tarehe 1 Desemba hadi 15 Machi. Ujerumani haina tarehe. Inadai matairi hayo barabara inapokuwa na barafu au theluji, yenye alama ya mlima wa vilele vitatu na chembe ya theluji. Ufaransa ina utaratibu wake kwa maeneo ya milimani kuanzia Novemba hadi mwisho wa Machi. Gari la kukodi huenda likaja bila matairi hayo ukichukulia upande wenye joto na kupanga kuvuka milima. Uliza kwa maandishi.

Barabarani chumvi ndiyo silaha kuu, lakini ina kikomo. Inaishusha nyuzi ambayo maji hugandia, na ikifika kama 10 chini ya sufuri inaanza kushindwa, hapo mchanga na changarawe huchukua nafasi. Dereva mgeni anayeiona lami nyeusi hufurahi akidhani imekauka. Huenda amekiona kioo. Barafu nyembamba haina rangi yake. Inaonyesha weusi wa lami iliyo chini. Madaraja huganda kwanza kwa sababu hewa ya baridi hupita juu na chini yake. Ukikwama ndani ya gari kwenye dhoruba, baki ndani. Toa theluji kwenye mdomo wa ekzosi kabla ya kuwasha injini, kwa maana ukiziba, kaboni monoksidi, gesi yenye sumu, inarudi ndani nayo haina harufu. Washa injini dakika 10 hivi kwa saa, na ufungue dirisha kidogo upande usio na upepo.

Mwisho ni miguu, na saa. Mwishoni mwa Desemba, Helsinki hupata mwanga wa jua kwa muda usiofika saa sita kwa siku, na jua huzama saa tisa na robo alasiri hivi. Ndege ya masafa marefu huenda ikamshusha mgeni wakati giza limeingia au linaingia. Maji yaliyokuwa yakitiririka kando ya njia mchana, na ile theluji iliyokanyagwa ikawa uji mbele ya kituo cha treni, vinaganda saa hiyo hiyo anayotoka nje akiburuta begi kwa mkono mmoja na kushika simu kwa mwingine. Shika kitu kimoja tu. Toa mkono mfukoni. Tembea kwa hatua fupi, mguu mzima ukitua kwa pamoja, uzito ukiwa juu ya mguu wa mbele. Maduka ya huko huuza mikanda ya mpira yenye meno ya chuma ya kuvalisha chini ya kiatu. Ivalie ndani, kabla ya mlango wa kutokea, na uivue ukifika ukumbi wa hoteli, kwa sababu juu ya marumaru meno yale yale huteleza vibaya kuliko kiatu kitupu.